Kioo cha Mbele Kushoto

Jumamosi, Kilole, Korogwe. Mawingu yametanda tangu asubuhi, hayanyeshi wala hayaondoki. Nguo zangu ziko kwenye kamba na sijui nizianue au niziache.

Nimechoka. Si uchovu wa kazi, maana leo hata duka sijafungua. Ni ule uchovu wa kubishana na kitu kisicho na masikio.

Kitu chenyewe ni mota. Mota ndogo ya kupandisha na kushusha kioo cha mlango wa gari, ukiishika inajaa kwenye kiganja. Wiki nzima imenipelekesha huku na huko, imenigombanisha na baba, imenipandisha bodaboda juani, na sasa hivi ninavyoandika imelala ndani ya mlango wangu, imeshinda.

Ngoja nianze mwanzo. Labda nikiandika nitapoa.

Gari ni la baba. Ni saluni, gari dogo la Kijerumani la rangi ya maziwa, kuukuu kiasi kwamba vijana wa stendi wakiiona wanaomba kupiga nayo picha. Ujanani baba alikuwa dereva wa meneja wa shamba la mkonge. Meneja alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia gari lile kama zawadi ya kuagana. Baba amelitunza kuliko alivyotutunza sisi wanawe. Anasema hivyo mwenyewe kwa utani, nasi tunacheka kwa adabu. Macho yake yalipoanza kupata ukungu alinikabidhi funguo mimi, siyo kaka zangu walioko Dar es Salaam. Nilijiona mtu.

Sikujua nimekabidhiwa nini.

Vioo vyote vya gari lile ni vya umeme. Zamani hizo ulikuwa ufahari, siku hizi ni adhabu. Kiyoyozi kilishakufa, kwa hiyo vioo ndiyo pumzi yenyewe, na joto la Korogwe kila mtu analijua. Kioo cha upande wangu, wa dereva, hupanda nikikisukuma kwa kiganja huku nimebonyeza swichi. Vya nyuma vinafanya kazi, kimoja kwa uvivu. Cha mbele kushoto ndicho kilichokufa kabisa, tena kilikufa kikiwa kimefungwa. Nimeishi nacho hivyo muda mrefu bila kelele, kwa sababu anayekaa kwenye kiti kile mara nyingi ni katoni ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nina duka la dawa za mifugo, na katoni hazilalamiki joto.

Mwanzoni mwa wiki baba akapiga simu kutoka Handeni. Baada ya salamu na habari za wajukuu, akasema, "Aisha, ile Ijumaa, gari nitalitaka. Na kile kioo cha mbele kushoto kiwe kinafunguka."

Ile Ijumaa. Hajawahi kuiita harusi mbele yangu. Huiita "ile Ijumaa", kama mtu anayetaja siku ya kwenda kung'oa jino.

Baba yangu anaoa. Mzee Mhando, babu wa watoto wanaomfikia begani, anamwoa Bi Hadija wa Mnyuzi, mjane, mwenye bustani ya machungwa na meno mazuri. Walikutana kwenye benchi la kliniki ya macho, baba akisubiri kuondolewa mtoto wa jicho, yeye akiwa amemsindikiza dada yake. Baba alitibiwa, akaanza kuona, na mtu wa kwanza kumwona vizuri akawa ni huyo. Hivyo ndivyo wanavyosimulia watu wa ukoo, wakicheka. Mimi nilicheka nao hadi mashavu yakauma.

Nakiri hapa kwa kuwa hapa hakuna shangazi: sikufurahi.

Sikukataa. Sikununa mbele za watu. Nilisema alhamdulillahi, nikauliza nichangie nini. Lakini usiku wa kwanza niliposikia habari hiyo nilifungua kabati na kulifunga bila kutoa kitu, mara nyingi, mpaka mume wangu akauliza natafuta nini.

Ndiyo maana habari ya kioo ilinichoma. Kiti cha mbele kushoto kilikuwa cha mama. Mama alifariki miaka michache tu iliyopita, na maisha yake yote hakukaa kwingine ndani ya gari lile. Alikaa pale na mkoba mapajani, akimwambia baba apunguze mwendo hata gari likiwa limesimama. Kioo kile kilipokufa mama akiwa bado hai, baba alisema tutatengeneza, tutatengeneza. Hakikutengenezwa. Leo anakuja mwingine, kioo kimekuwa jambo la haraka.

Hivyo ndivyo nilivyolielewa.

Nikapeleka gari kwa Fundi Sefu. Fundi Sefu ana gereji yake karibu na barabara kuu, na ana tabia moja: hajawahi kukutana na kazi ngumu. Ukimweleza tatizo, kabla hujamaliza sentensi anasema, "Hiyo ndogo, mama." Aliposema hivyo siku ile nilipaswa kugeuza gari niondoke. Mimi nikafarijika.

Alibandua kava la mlango. Vibanio vya plastiki vilivyokaa pale tangu meneja wa mkonge vikakatika kimoja baada ya kingine, tak, tak, tak, na kila kimoja akakirusha mchangani. Ndani ya mlango kulikuwa na vumbi jekundu la miaka, risiti iliyooza, na mota. Gurudumu la plastiki ndani yake lilikuwa limelika meno yote, na waya zake zimeungua. Fundi Sefu akainusa, akanipa na mimi niinuse. Ilinuka kama nywele zilizochomwa.

"Tunaisuka waya upya," akasema. "Kesho asubuhi unachukua gari."

Kesho yake asubuhi nilikuta gari limesimama vilevile, mlango uko uchi, kuku anazunguka. Fundi alikuwa Mombo kwenye kazi nyingine. Nilimpigia akasema yuko njiani. Mchana nikampigia, bado yuko njiani. Ingekuwa kweli, kwa njia ile angekuwa ameshavuka Moshi.

Jioni akaja na mota iliyosukwa. Akaifunga, akabonyeza swichi. Kioo kikashuka! Nilipiga makofi, nakumbuka vizuri, nilipiga makofi kama mtoto. Akabonyeza kukipandisha. Kikapanda nusu, kikasimama, kisha ukatoka moshi mwembamba kwenye tundu la kitasa, na kioo kikaporomoka ndani ya mlango kwa kishindo.

Hakikuvunjika. Hiyo ndiyo ilikuwa habari njema ya siku.

Nilimpigia baba, nikiwa nimetulia kadiri nilivyoweza. Nikamweleza kuwa vioo vya nyuma ni vizima, na kwa kawaida bibi harusi hukaa nyuma na bwana harusi wake. Kwa nini tusifanye kama watu wote? Cha mbele nikisimamishe kwa vipande vya mbao, kibaki kimefungwa, mambo yaishe.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Aisha. Kioo cha mbele." Akakata simu.

Baba alikuwa hajawahi kunikatia simu. Nilisimama katikati ya duka na simu mkononi, mteja wangu, mzee wa Kimasai aliyekuja kutafuta dawa ya minyoo ya mbuzi, akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, ni gari. Akatikisa kichwa kwa huruma zaidi kuliko kama ningesema nimefiwa.

Mota mpya ya gari lile haipo Korogwe, haipo Tanga, na huenda haipo duniani. Fundi Sefu akakumbuka kwamba Ngombezi, kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa mkonge, kuna gari la aina ileile limekufa uani kwa mzee mmoja mstaafu wa kiwandani. Tukaenda. Na kweli lilikuwepo, halina magurudumu, majani yamelifika kwenye taa, lakini milango yake iko salama. Nilitaka kulibusu.

Mzee akatupokea vizuri, tukamwamkia, akatuletea viti. Alikuwa tayari kutupa mota, hata bure. Tatizo lilikuwa moja. Kwenye kiti cha mbele kushoto palikuwa na kuku ameatamia mayai.

"Mlango huo haufunguliwi," akasema. "Huyu akishtuka ataacha mayai. Ameshanifanyia hivyo."

Nikamweleza habari ya harusi. Akasema hongereni sana, lakini kuku hajui harusi. Fundi Sefu akajaribu kupitisha mkono dirishani taratibu, kuku akamdonoa mpaka damu ikatoka. Tulikaa pale jua likituchoma, watu wazima watatu, tukimtazama kuku naye akitutazama bila kupepesa. Nimesoma, nina leseni ya udereva, nina duka lenye jina langu ukutani. Na kuku alinishinda.

Mwishowe mzee akatukubalia tufungue mlango wa kulia. Fundi Sefu akaing'oa mota ya upande ule, akaipangusa kwa shati lake na kusema zinafanana kama mapacha, hiyo ndogo.

Hazifanani. Mota ya kulia imeumbwa kwa ajili ya kulia, matundu yake ya bolti yako upande wake. Katika matundu matatu, mawili yalikaa sawa na mlango wetu, la tatu likabaki linaangalia hewa. Na alipoiunganisha, ukibonyeza kufungua kioo kinafunga, ukibonyeza kufunga kinafungua.

"Atazoea," Fundi Sefu akaniambia. "Mwambie tu bibi harusi akitaka kufunga abonyeze kufungua."

Nilitoka nje ya gereji, nikaenda nikanunua maji, nikanywa chupa yote nimesimama. Kulikuwa na maneno mdomoni mwangu ambayo sikutaka yasikiwe na watu wanaonifahamu.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Baba alikuwa anaingia jioni kutoka Handeni alale kwangu, na kabla ya hapo nilitakiwa nipeleke Mnyuzi vitu vya bibi harusi: khanga, vitenge, sabuni, udi, sanduku dogo lililofungwa vizuri na shangazi. Nikamwacha Fundi Sefu na waya zake, nikapanda bodaboda na sanduku limekaa katikati yetu. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilikusudia kumwambia Bi Hadija, kwa heshima zote, kwamba gari ni bovu, kwamba akae nyuma kama mabibi harusi wengine, na kwamba kiti cha mbele, kwa sisi watoto, kina historia yake. Nilikuwa nimeipanga hotuba vizuri. Ilikuwa na adabu na ilikuwa na miiba.

Nilimkuta uani anamenya machungwa, amefunga kitambaa cha kazini, hana hata hina bado. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akafuta mikono, akanivutia mkeka, akanipa chungwa lililomenywa kabla sijakaa sawa.

Nikaanza kwa mbali. Nikasema gari la baba linatusumbua, kioo cha mbele hakijatengemaa.

Akashika kichwa. "Bado anahangaika na kioo? Nilimwambia aache!"

"Ulimwambia?"

"Mwanangu, mimi gari linanitapisha. Tangu msichana. Nikikaa nyuma, natapika. Kioo kikifungwa, natapika. Nikienda Korogwe sokoni nakaa mbele, kichwa nje kama mbuzi, ndipo nafika mzima." Akacheka, akajifuta macho kwa mkono wenye maji ya chungwa, yakamwasha, akacheka zaidi. "Nikamwambia baba yako, mimi Handeni nitakuja kesho yake na basi, nikae dirishani. Sitaki kuingia kwa watu na nguo zimechafuka. Akasema haiwezekani, mke wake haji kwake peke yake na basi. Akasema atalisimamia la kioo. Lakini nilimwomba asimwambie mtu. Aibu, bibi harusi mzee wa kutapika."

Kisha akanitazama. "Hajakwambia?"

"Hapana."

"Basi na wewe usimwambie kuwa nimekwambia."

Ile hotuba niliila pamoja na chungwa. Lilikuwa tamu, hilo nalo liliniudhi.

Kurudi Kilole nilikuwa na hasira ileile, ila nilikuwa sijui niielekeze wapi. Baba angeweza kuniambia. Sentensi moja tu: Aisha, anatapika. Mimi nauza dawa, hata kama ni za ng'ombe, mambo ya kutapika nayaelewa! Badala yake alikubali nimfikirie vibaya wiki nzima, alikubali hata kunikatia simu, kwa sababu mwanamke mmoja wa Mnyuzi alimwomba amfichie aibu yake. Nikajaribu kukumbuka kama aliwahi kumfichia mama jambo namna hiyo. Halafu nikaona upumbavu wa swali lenyewe. Kama alimfichia, ningejuaje?

Bodaboda akaniuliza mbona nimekuwa kimya. Nikamwambia aangalie mbele.

Nilishukia gereji moja kwa moja. Nikavuta tairi chakavu, nikalikalia mbele ya mlango wa gari, nikamwambia Fundi Sefu siondoki mpaka kioo kifunguke kwa kufunguliwa na kifunge kwa kufungwa. Akasema ana mteja mwingine. Nikamwambia mteja mwingine ni mimi. Akageuza waya. Akapaka grisi kwenye reli za kioo. Kila alipoinuka na mimi niliinuka. Jua lilipoanza kulegea, kioo kikashuka kikapanda, kikashuka kikapanda, polepole, kikilalamika, lakini kikafika juu.

"Na bolti ya tatu?" nikauliza.

"Mbili zinatosha, mama. Hiyo ndogo."

Nilikuwa nimechoka. Nikakubali.

Baba alifika, akaenda moja kwa moja kwenye gari hata kabla ya kunawa. Akafungua mlango wa mbele kushoto, akakaa, akabonyeza swichi. Kioo kikashuka. Akakaa pale, kiwiko kimetoka dirishani. Nilikuwa nimesimama barazani na beseni la maji ya kunawa. Hakusema asante, wala sikusema najua. Tukala ugali na mlenda, tukaongea habari za mvua.

Jana baada ya sala ya Ijumaa, ndoa ikafungwa Mnyuzi. Ilikuwa ndogo na nzuri. Baba alivaa kanzu na koti lake jeusi. Nililia kidogo, na kwa kuwa wote walikuwa wanalia kidogo hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Tukapakia mizigo. Bi Hadija alikataa kuacha ungo wake, alisema hawezi kupepeta mchele kwa ungo wa mtu mwingine, ukaingia juu ya mabegi kiti cha nyuma. Kisha akafungua mlango wa mbele kushoto, akakaa karibu yangu. Bwana harusi akakaa nyuma peke yake, na ungo. Wanawake wa Mnyuzi walitazamana. Kuna mmoja aliyesema kwa sauti ya kutosha kwamba binti wa bwana amemtenganisha bibi harusi na mumewe hata kabla ya kona ya kwanza.

Nikawasha gari. Siri haikuwa yangu.

Nikabonyeza, kioo kikashuka chote. Bi Hadija akatoa uso nje, mtandio wake ukapepea, akavuta pumzi. Tukapita Korogwe, tukashika barabara ya Handeni. Kila mara niliangalia kwenye kioo cha kutazamia nyuma, na kila mara baba alikuwa hatazami barabara wala mizigo, anatazama bega la mke wake. Kwa mara ya kwanza wiki nzima nikawaza hata kumsamehe Fundi Sefu.

Mvua ilitukuta Sindeni.

Siyo ya kuanza na manyunyu. Ilikuja yote kwa mkupuo, imelala upande, upande wa kushoto. Nikabonyeza kufunga. Mota ikaunguruma. Kioo kikainuka kiasi cha vidole viwili, halafu nikasikia ndani ya mlango kitu kinazunguka ambacho hakikupaswa kuzunguka. Ni mota yenyewe! Bolti mbili zilikuwa zimeachia, badala ya mota kupandisha kioo ikajizungusha yenyewe, kama mbwa anayefukuza mkia. Kisha ule mlio wa kishindo ninaoujua sasa kuliko sauti za wanangu. Kioo kikazama.

Nikasimamisha gari pembeni. Nikapiga usukani kwa kiganja, nikasema neno chafu. Mbele ya baba. Mbele ya mke wake, siku ya ndoa yake. Maji yalikuwa yanaingia kama mtu anamwaga ndoo.

"Hadija, njoo huku nyuma," baba akasema. "Utalowa."

"Nikija huko utalowa wewe," akajibu bila kugeuka. "Na siyo kwa maji. Nipe ungo."

Baba akampa. Bi Hadija akausimamisha ungo dirishani, akaukumbatia kwa mikono yote miwili, kisha akaniambia, "Twende, Aisha. Mbele hukohuko."

Nikaenda. Sikuwa na la kufanya. Nusu ya maji yalizuiwa na ungo, nusu yakamwingia shingoni na begani. Kila gari la mizigo lililopishana nasi lilitupiga wimbi. Baba nyuma alivua koti, akapitisha mikono kati ya viti akajaribu kumfunika, koti likaniziba mimi macho, nikapiga kelele, akalivuta, akaomba radhi, akajaribu tena. Na Bi Hadija alianza kucheka. Alicheka mpaka ungo ukawa unatikisika. Nami, Mungu anisamehe, hasira zote zile nilizozibeba tangu gereji zilinitoka kwa njia ya kicheko, nikawa naendesha na machozi, tulipita Misima hivyo, sijui watu wa barabarani walituonaje.

Mvua ilikatika tulipokuwa tunaingia Handeni. Nyumbani kwa baba ukoo wote ulikuwa nje unasubiri. Vigelegele vikaanza gari lilipokunja, vikafifia mlango ulipofunguka. Bibi harusi alishuka akiwa nusu mkavu na nusu mbichi, wanja umechora mstari hadi kidevuni, ungo kichwani. Bwana harusi alishuka nyuma, mkavu, na koti mkononi. Shangazi Mwanjaa, dada yake baba, akanitazama mimi. Lilikuwa jicho refu. Lilisema: hata kama humtaki, Aisha, ndiyo umfanyie hivi?

Damu ilinipanda usoni. Nilifungua mdomo nieleze habari ya bolti ya tatu, kuku, moshi, kila kitu. Ningeeleza nini? Nani angesikiliza habari ya bolti?

Bi Hadija akanitangulia. Akaushusha ungo, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani: "Jamani, mimi magari yananitapisha tangu utoto. Leo nimetoka Mnyuzi mpaka Handeni, sijatapika! Huyu binti ameniendesha kifalme." Na akanishika mkono, mkono wake ukiwa baridi kama samaki.

Aliyeficha aibu yake wiki nzima akaitoa mwenyewe uani, mbele ya mawifi, ili jicho lile la shangazi liniondokee. Shangazi akapiga kigelegele kirefu, cha kuomba radhi, na wengine wakakidaka.

Nilivua khanga yangu ya juu, nikamzungushia mabegani. Baba akasogea akasema, "Aisha, hicho kioo..." Nikamwambia, "Baba, leo usinitajie kioo." Midomo yake ilikuwa inajizuia kucheka.

Nimerudi leo asubuhi peke yangu, upepo unanipiga sikio la kushoto njia nzima. Simu ya Fundi Sefu imezimwa. Kiti kimelowa na kinanuka kama zizi, kava la mlango limefura kama mkate kwenye chai, na jirani anasema anga la upande wa Usambara limeshaiva. Nimefunika dirisha kwa turubai la dukani, limeandikwa kwa maandishi makubwa dawa ya kupe. Nitalazimika kurudi Ngombezi. Nitalazimika kuulizia kama vifaranga wameanguliwa. Hayo ndiyo maisha yangu sasa, kufuatilia uzazi wa kuku wa mtu.

Nilipokuwa naandika hapo juu, simu imeita. Namba ya Bi Hadija. Alitaka kujua kama nimefika na kama mvua imenikuta.

Nikasema, "Nimefika salama, mama."

Kwetu hapa mwanamke yeyote wa umri ule ni mama. Wateja wangu wote wa kike nawaita mama, na hata yule muuza mchicha asiyenirudishia salamu ni mama. Ni neno la adabu tu, halina uzito, linatoka lenyewe. Lakini nimekata simu nikabaki nimekaa nayo, nguo zinaanza kupigwa na manyunyu nje na sijainuka kuzianua.

Nilimwita mama yupi?